Taarifa ya mwenyekiti 2025: tumerudi kwenye bunduki za upepo

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kulenga shabaha, habari za siku nyingi. Hii taarifa ilitakiwa iwe imewafikia kabla mwaka haujaisha, nimechelewa na lawama ni yangu, mweka hazina alinipa hesabu zake mapema kabisa mimi ndo nikazikalia. Haya, tuongee.

Mnajua wenyewe mwaka ulivyotuanza. Tarehe 5 Februari 2025 ada za vyeti vya silaha zikapanda hapa Uingereza na hazikupanda kistaarabu, cheti kipya cha raifo kutoka pauni 88 mpaka 198, cha shotigani kutoka 79.50 mpaka 194, na hata kuhuisha tu cha raifo, ulikuwa unatoa 62 ikawa unatoa 131. Hapo hujamlipa daktari kwa karatasi yake ya afya, hujanunua kabati la chuma, hujanunua risasi zenyewe. Mimi mwenyewe raundi ya sahani 50, zile za udongo zinazorushwa hewani, na katriji zake (risasi za shotigani) ilikuwa hainiachii chenji ya maana kwenye noti mbili za ishirini, na hiyo ni asubuhi moja ya Jumapili kabla ya petroli. Ilipofika Machi ikawa kila wiki kwenye grupu kuna mtu anaaga. Huyu cheti kimeisha hahuishi, yule kauza shotigani kalipia karo, mzee wetu wa Tanga akaandika maneno mawili tu, "mimi nimestaafu", akatoka kwenye grupu bila hata kusubiri pole.

Kikao cha Aprili, kile tulichofanyia kulekule shambani tunakokodi, ajenda kubwa ilikuwa tuvunje chama au tusivunje. Nasema ukweli, barua ya kufunga akaunti ya benki nilishaiandika, ilikuwa mfukoni. Kilichotuokoa ni dada yetu mmoja, hataki nimtaje, alienda akafungua buti la gari lake akarudi na bunduki ya upepo ya marehemu mumewe, Weihrauch ya Kijerumani ya kukunja mtutu, kuukuu, kitako kimechunika mpaka mbao inaonekana, akasema hii haitaki cheti, kwa nini hatupigi hii?

Tukacheka jamani. Vichwani mwetu bunduki ya upepo ni ile Diana ya mzee wa mtaani ya kufukuzia kunguru kwenye mwembe, kitu anachopewa mtoto akishahitimu manati. Tukabandika karatasi yadi 25, akaanza mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka 12 wa raifo ndogo, akapiga tano, zikasambaa kama mbegu za papai. Akapiga tano zingine, vilevile. Akaitazama bunduki kama imemtukana mama yake. Dada yule akachukua, akapiga tano, zote ungezifunika kwa kifuniko cha soda. Kicheko kikaishia hapo, na barua yangu ikabaki mfukoni.

Sasa kwa nini ilitokea vile, na hili ndilo nataka wote mlielewe maana ndo mwaka wetu wote ulikuwa humo. Raifo ya risasi ndogo ukishafyatua, risasi imeshaenda zake, kosa lako linachelewa. Bunduki ya upepo ya springi kwanza inabidi pistoni ikimbie, isukume hewa, ndo peleti, yaani kirisasi chake, ianze safari, na peleti yenyewe inaenda polepole ukilinganisha, kwa hiyo wakati wewe umeshaanza kunyanyua kichwa kuchungulia umepata ngapi peleti bado iko ndani ya mtutu. Alafu bunduki inaruka mara mbili: pistoni ikianza mbio inakupiga nyuma, ikifika mwisho inaivuta bunduki mbele. Ukiibana kwa nguvu kama raifo inakukataa. Inatakiwa uishike kama umeshika kifaranga, mkono wa mbele uilalie tu, ufyatue, alafu ukae hapohapo macho kwenye shabaha mpaka uisikie imegonga. Sisi wote tulijiona mafundi kumbe miaka yote nguvu ya baruti ilikuwa inatufichia uzembe.

Na mimi sikupona. Nilitoa skopu yangu nzuri, ile darubini ya kulengea, kwenye raifo nikaifunga kwenye bunduki ya springi, ndugu zangu waliniambia subiri, nikasema skopu ni skopu. Skopu nyingi zimejengwa kuvumilia teke la kurudi nyuma, ile ya kuvutwa mbele haziijui. Tini la pili la peleti halijaisha nikachungulia nikaona ule msalaba wa ndani umelala upande, kama saa saba na dakika tano. Nikadhani ni macho. Haikuwa macho. Kwa hiyo mkinunua ulizieni skopu iliyoandikwa kabisa kwamba inafaa bunduki ya springi, msifanye kama mwenyekiti wenu.

Pesa sasa, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Tini la peleti 500 tunalipata kati ya pauni 10 na 15 kutegemea aina. Tuseme 12, kila peleti ni chini ya peni 2 na nusu, yaani ukipiga 60, ambayo ni mechi nzima ya mita 10, umetumia pauni moja na nusu hata haijafika. Bunduki ya mitumba iliyotunzwa, springi imebadilishwa, unaipata kwa bei ambayo zamani tulikuwa tunaimaliza kwa katriji za mwezi mmoja. Zile za kujaza hewa ni ghali zaidi na zina mambo yake, silinda kama ya wapiga mbizi au upampu kwa mkono mpaka mgandamizo wa bari 200, na aliyejaribu kupampu anajua kwamba ile ni jimu bila kadi ya uanachama. Lakini hazirushi teke, na wazee wenye mabega mabovu wamezipenda.

Mzee wa Tanga karudi, nimesahau kusema. Karudi Juni, hakuaga wala hakusalimia grupu, tulimwona tu uwanjani na kofia yake.

Kwenye sheria nitarudia kila mwaka mpaka mchoke. Hapa England, na Wales pia, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12 na bastola isiyozidi 6 hazihitaji cheti. Bunduki ndefu ikizidi hata kidogo ni silaha ya cheti kama zile zingine, bastola ikizidi ni marufuku kabisa, na kukutwa nayo kinyume cha sheria kunaweza kukupeleka jela. Ndo maana tulinunua kile kipimo cha mwendo wa peleti na hakikuwa anasa. Septemba kuna mwanachama alikuja na bunduki kainunua kwa mtu binafsi, muuzaji kamsifia ati imefanyiwa ufundi. Tukaweka peleti ya greni 8.4 (greni ni kipimo cha uzito), kipimo kikasoma futi 815 kwa sekunde. Piga hesabu, zidisha mwendo kwa mwendo, zidisha uzito, gawa kwa 450240, inakuja 12.39. Tukarudia mara tano, vilevile. Jamaa alikuwa kijasho chembamba. Haikupigwa tena siku ile, ilienda kwa fundi wa silaha mwenye leseni, ikarudi inasoma 770 na kitu, inalenga vizuri kuliko mwanzo. Nguvu ya ziada haikumsaidia chochote zaidi ya kumweka karibu na mahakama.

Kingine, usitembee nayo barabarani nje ya begi, na hata kwenye begi uwe na sababu ya kueleweka, hata kama haina peleti. Peleti isivuke mpaka wa ardhi uliyoruhusiwa kupigia. Kununua ni miaka 18, na ukinunua dukani mnakabidhiana ana kwa ana. Na nyumbani ifungiwe. Sheria inasema uchukue tahadhari za kutosha wenye chini ya miaka 18 wasiifikie ovyo, kwa hiyo habari za kuiweka nyuma ya mlango wa chumbani kwa sababu "watoto wangu wana adabu" mziache. Adabu wanayo ukiwepo.

Wale wenye ndugu Glasgow, sikilizeni: Uskoti tangu mwisho wa 2016 bunduki ya upepo ina leseni yake, mgeni anaomba kibali cha mgeni, usivuke mpaka nayo kwenye buti kana kwamba unaenda Birmingham. Na wanaoniuliza kila mwaka kama mtu anaweza kumpelekea baba yake bunduki moja Mombasa kwenye kontena, jibu ni hapana. Kenya bunduki ya upepo inahesabiwa silaha na inataka kibali, utamweka mzee matatani na uzeeni mwake. Mpelekee redio.

Majira ya baridi tulihamia ukumbini, na hapa bunduki ya upepo ilitupatia kitu ambacho baruti isingetupatia kamwe. Mita 10 unazipata popote penye ukumbi na ruhusa, masanduku ya chuma ya kudakia peleti, mkeka mzito nyuma, mlango mmoja umefungwa na mtu amekaa hapo. Karatasi ya raifo ya mita 10 ukiiona mara ya kwanza unadhani wamekosea kuchapa, ule weusi wote ni milimita 30.5 na kumi yenyewe, ile alama ya juu, ni kinukta cha nusu milimita, yaani peleti ni kubwa mara tisa kuliko kitu unacholenga. Na kwa wale wanaosema bado ni mchezo wa watoto, mita 10 ya upepo imo Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na medali ya kwanza kabisa ya dhahabu kutolewa Paris 2024 ilikuwa ya hiyohiyo, raifo ya upepo timu mchanganyiko. Yule Mturuki Yusuf Dikeç ambaye picha yake mlinitumia mara arobaini, mkono mfukoni, miwani ya kawaida, miaka 51, alichoshika mkononi ni bastola ya upepo. Akapata medali ya fedha.

Watu wa Midlands hapa, yaani katikati ya England, wana mchezo wao wa zamani wa kengele kwenye baa, sahani ya chuma yenye kitundu kidogo katikati, ukipenyeza peleti kengele inalia nyuma, ukikosa sahani inakushuhudia. Tulialikwa. Tatizo nusu yetu baa hatuingii, na kumwambia mwenyeji kwamba tutasimama nje kwenye mvua tukisubiri zamu haikuwa heshima. Fundi wetu akatengeneza yetu, sahani ya chuma na kengele ile ya mezani ya mapokezi, akaifunga ukumbini yadi 6. Jamani. Mtu aliyesema yeye anapiga tu kusindikiza mke wake alibaki mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Ile sauti ina kitu, "ting", na ukumbi mzima unageuka. Kinamama walituongoza jioni ile kwa kengele saba na sitaki maswali.

Kuhusu chai. Nilipohamisha sambusa na chupa za chai kwenda koridoni kuna walioninunia kwamba nimekuwa mzungu. Peleti ni risasi kweli, ni madini ya risasi, ni sumu, inabaki vidoleni na mezani, huwezi kushika peleti alafu ushike sambusa. Mnanawa kwa sabuni, mnatoka, mnakula. Na sakafu inapanguswa kwa kitambaa kibichi, haifagiliwi, vumbi lisipande. Hili halina mjadala, haswa sasa tuna watoto.

Watoto tunao tisa. Chini ya miaka 14 hapigi bila mtu mzima wa miaka 21 au zaidi kusimama naye, na sisi tumeongeza kanuni yetu kwamba mzazi hatoi msaada kwa kelele. Mzazi anayepiga kelele nyuma ya mtoto anatolewa koridoni kwenye sambusa. Mpaka sasa tumetoa watatu, mmojawapo mjumbe wa kamati.

Hesabu kamili mweka hazina atazisoma mwenyewe, kwa kifupi tu tulianza mwaka tunadaiwa kodi ya shamba miezi miwili, tumemaliza hatudaiwi. Michango haikuongezwa. Tumenunua kipimo, masanduku manne, na bunduki mbili za chama za kuazima ili mgeni asinunue kitu kabla hajajua kama anapenda. Wanachama saba bado wana vyeti vya raifo na wanaendelea na siku yao shambani kila mwezi, hakuna aliyewafukuza, waacheni maneno ya "wale wa baruti" kwenye grupu, si utani mzuri ukirudiwa kila siku. Mwaka huu ninachoomba ni kujaribu shabaha za porini, zile za chuma zinazoanguka, umbali tofautitofauti mpaka yadi 55, maana mita 10 tumeanza kuzizoea na ukizoea unalala. Shamba lina msitu mdogo upande wa mto, mwenye shamba hajakataa, hajakubali pia, naendelea kumpelekea mahamri.

Kikao cha mwaka ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbini, na saa nane ni saa nane. Nafasi ya katibu iko wazi. Na aliyeondoka na pampu ya mkono usiku ule wa kengele airudishe, nimeuliza mara tatu kwa upole na wazee wa bunduki za kujaza hewa wanakaa bure.