Kabla ya kuilaumu bendi, angalia ulisimama wapi

Ndugu Mhariri,

Kila likipita tamasha la bendi za roki, zinafuata lawama zilezile: mwimbaji hakusikika, besi ilikuwa inaunguruma tu, bendi imekwisha. Halafu shabiki mwingine aliyekuwa uwanja huohuo, usiku huohuo, anaapa kwamba hajapata kusikia muziki mtamu kama ule. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti ni kwamba hawakusimama mahali pamoja.

Sisi tunaofunga mitambo ya sauti tunaomba nafasi tulieleze jambo hili, kwa sababu shabiki analipa pesa nzuri kuiona bendi aipendayo, kisha anakimbilia mahali ambapo muziki husikika vibaya kuliko kote: mbele kabisa, kifua kikiwa kimeegemea uzio.

Gitaa la umeme lina amplifaya yake nyuma ya mpigaji. Ngoma nazo zinapigwa kwa nguvu za mikono na miguu. Vyote hivyo vinamfikia aliye mbele moja kwa moja kutoka jukwaani, hata fundi akizima spika kubwa zote. Sauti ya mwimbaji haina njia hiyo. Inategemea spika kubwa za pembeni, nazo zimetundikwa mita kadhaa juu na kuelekezwa kwa waliosimama katikati na nyuma, kwa hiyo zinampita wa mbele juu ya kichwa. Zile monita zilizolala miguuni mwa wanamuziki, yaani spika zao za kujisikilizia, zinawatazama wao, wewe zimekupa mgongo. Basi unamwona mwimbaji mishipa imemsimama shingoni, na unachosikia ni matasa ya ngoma na gitaa la solo. Dawa yake ni spika ndogo zinazopangwa ukingoni mwa jukwaa kila baada ya mita mbili au tatu, zikipitishiwa sauti za waimbaji kuliko kitu kingine chochote. Hazina gharama kubwa ukilinganisha na mtambo mzima, lakini bajeti ikibana huwa ndizo za kwanza kuachwa.

Ukitaka kusikia bendi kama fundi anavyoisikia, tafuta kibanda chenye meza ya kuchanganyia sauti. Katika uwanja wa wazi mara nyingi huwa mita 25 hadi 35 kutoka jukwaani. Simama mbele yake kidogo, au ubavuni. Usisimame nyuma yake, maana turubai na vyuma vya kibanda vinakata sauti nyembamba na kukuachia mvumo.

Hata hapo, jihadhari na mstari wa katikati. Sabufa, yaani spika kubwa za besi, zikipangwa rundo moja kushoto na jingine kulia, aliye katikati kabisa anapokea besi za pande zote mbili kwa wakati mmoja, zikajazana. Ukisogea pembeni, rundo moja linakuwa mbali kuliko jingine na mawimbi yanaanza kupishana. Chukua uzi wa tatu wa gitaa la besi ukipigwa wazi, bila kubonyezwa: unatoa mitetemo 55 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 6 na kitu. Ukisimama mahali ambapo rundo moja liko mbali kuliko jingine kwa nusu ya urefu huo, yaani kama mita 3, wimbi moja linasukuma hewa wakati lingine linaivuta, na noti ile inafifia kabisa. Mwenzako aliye hatua nne kutoka ulipo anaisikia vizuri. Ndiyo maana fundi makini hagandi mezani. Anatembea uwanja mzima wakati wa majaribio na tena wimbo wa kwanza ukianza. Akibaki katikati tu atadhani besi imezidi, ataipunguza, na watu wa pembeni watarudi nyumbani wakisema besi haikuwepo. Kuzipanga sabufa kwa mstari mmoja mbele ya jukwaa, badala ya marundo mawili, kunapunguza sana tatizo hili.

Nyuma nako kuna shida yake. Sauti inakwenda takribani mita 350 kwa sekunde katika hewa yetu ya joto. Aliye mita 70 kutoka jukwaani anasikia kila kitu kimechelewa sehemu ya tano ya sekunde. Ukimwekea spika za nyongeza hapo bila kuzichelewesha, atasikia kila neno mara mbili. Zinatakiwa zicheleweshwe milisekunde 200, kisha uongeze 10 hadi 20, ili sikio lidhani sauti yote inatoka jukwaani. Kuchelewa huku kwa sauti kunaonekana hata kwa macho. Pale uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Unguja, alipowaongoza watu wapatao 72,000 kupiga makofi juu ya vichwa, sauti ya jukwaani iliwafikia walio mita 100 nyuma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kutoka. Umati mkubwa hauwezi kupiga kofi moja kwa pamoja. Unapiga kwa wimbi, na hilo si kosa la mtu yeyote.

Walioanza kazi hii hawakuwa na lolote kati ya haya. The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965 mbele ya mashabiki zaidi ya 55,000, walikuwa na amplifaya za wati 100 na spika za uwanja zilizofungwa kwa ajili ya kutangazia mchezo wa besiboli. Monita hazikuwepo, wakawa hawajisikii wenyewe kwa mayowe. Mwaka uliofuata waliacha kabisa maonyesho ya kulipia kiingilio. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead ya California walijaribu njia nyingine: spika mamia zilipangwa kama ukuta nyuma ya wanamuziki, ili wao na mashabiki wasikie kitu kimoja. Spika ikitazama maiki, maiki inapiga mluzi. Wakampa kila mwimbaji maiki mbili, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kinyume. Mwimbaji anaimbia ya juu tu. Sauti ya ukuta inaingia zote mbili kwa usawa na kujifuta, ya mwimbaji inabaki. Ni akili ya hali ya juu, lakini mtambo ule ulikuwa na uzito wa makumi ya tani, na kabla mwaka haujaisha waliuweka kando.

Hali ya hewa nayo inacheza. Mchana ardhi ikiwa ya moto, sauti inapinda kwenda juu na watu wa nyuma wanaikosa. Jua likizama ardhi inapoa, sauti inashuka na kufika mbali. Bendi iliyopiga saa kumi jioni isifananishwe na iliyopiga saa tatu usiku kwa mtambo uleule. Kwenye ukumbi wa kuta za zege na paa la bati, mwangwi unaokuudhi wakati wa majaribio hupungua watu wakijaa, kwa sababu miili na nguo vinameza sauti. Ukumbi ukiwa nusu tupu, sogea karibu na spika moja kuliko kukaa katikati.

Sasa masikio, maana hapa ndipo tunaona watu wanaumia na hakuna anayewaambia. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi ni desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Desibeli 100, ambazo ni kitu cha kawaida kwa bendi ya roki, zinakupa dakika 15. Onyesho ni saa mbili. Pamba na karatasi ya chooni havisaidii: vinapunguza sauti nyembamba kidogo na kuacha nzito ipite. Nunua vizibo vya sponji, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Nawa mikono, kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba kuliko kalamu. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta ncha ya sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole uhesabu hadi 30 kinapofutuka. Kikionekana kimechomoza nje ukijitazama usoni kwenye kioo, hakijaingia, na kinga uliyoandikiwa kwenye pakiti huipati. Mtoto mdogo vizibo hivyo havimkai. Mvalishe vikinga masikio vya kufunika. Na masikio yakiendelea kulia kesho yake na keshokutwa, au upande mmoja ukaziba, nenda hospitali bila kungoja. Dawa ya usikivu uliopotea ghafla inafaa ikiwahi.

Waandaaji, tunawaomba mambo machache. Spika za ukingoni zisikatwe bajeti ikibana. Vizibo vitolewe bure getini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba watazamaji wapatiwe vikinga masikio, pamoja na kikomo cha wastani wa desibeli 100 na sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Fungueni milango mapema na yote: tarehe 3 Desemba 1979 mjini Cincinnati, Marekani, watu 11 walikufa wakigombania milango michache kabla ya onyesho la bendi ya The Who. Huko Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, wengine 9 walipoteza maisha kutokana na msongamano mbele ya jukwaa bendi ya Pearl Jam ikipiga. Spika za nyuma mnazoziona kama anasa ni sehemu ya usalama huo. Watu wasiosikia husogea, na wakisogea wote kwa pamoja wa mbele anakosa hewa.

Nanyi mashabiki, sauti ikikatika mlipo, msisukume kwenda mbele. Mmoja wenu aende kwenye kibanda cha fundi. Asipige kelele, hatasikika. Aandike kwenye simu kwa herufi kubwa upande na kitu kinachokosekana, mathalani KULIA NYUMA, SAUTI YA MWIMBAJI HAKUNA, na amwonyeshe. Kwa maneno hayo fundi anajua waya upi wa kufuatilia.

Mafundi wa mitambo ya sauti,
Nairobi