Risala ya wajitolea wa uokoaji na huduma ya kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ukerewe,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Kijiji,
Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,
Walimu, wazazi, wavuvi na wanafunzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama hapa mwaloni. Karibu sana, Mheshimiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku hii ya 25 Julai ilitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Sisi tulikuwa tumeshafiwa kabla yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara, na ndugu zetu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Kote kuwili wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika. Ndiyo maana tukaunda kikundi hiki. Aliyeacha kupumua hana muda wa kusubiri. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na dakika hizo anazo aliye karibu naye.

Wanakikundi ni wavuvi, akina mama waanika dagaa, vijana wa bodaboda na walimu. Hatulipwi. Kila Jumapili jioni tunafanya mazoezi kwenye gunia tulilolijaza nyavu kuukuu, kwa kuwa hatuna mwanasesere wa kufundishia. Kifua tumekichora kwa mkaa. Mikono miwili katikati, unabonyeza kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 unampulizia pumzi 2. Kwa aliyezama tunaanza na pumzi, maana kilichomwishia ni hewa. Ukibonyeza sawasawa, nyavu husukuma gunia lirudi juu. Ukibonyeza kwa woga halishuki, na wenzako wanakuona.

Kazi ngumu imekuwa kuyaondoa mazoea. Mtoto akitolewa majini, wengi humshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, au humkandamiza tumbo ili maji yatoke. Mheshimiwa, hayo yanapoteza muda wa kumpa pumzi. Mwaka jana mtoto mmoja alitolewa hapa hapa akiwa hapumui, na tayari watu walishamshika miguu. Mwenzetu aliyekuwa akigeuza dagaa kichanjani alikuja mbio, akawaamuru wamwachie, akamlaza chali juu ya turubai, akaanza kumpulizia. Mtoto akatapika, akalia. Tukamkimbiza zahanati hata hivyo, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Leo amekaa pale na darasa lake.

Wengine hatukuwawahi. Usiku mmoja wa giza vijana wa dagaa walipigwa na mawimbi. Taa zao tuliziona kutoka ufukweni. Boti ilikuwepo, petroli haikuwepo. Tulipopata ya kuazima, wawili walikuwa wameshazama, na hawakuwa wamevaa jaketi okozi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni petroli ya akiba, itunzwe kwa kufuli na itumike kwa uokoaji tu. Tunaomba pia mtumbwi wowote usiruhusiwe kutoka mwaloni bila jaketi okozi kwa kila aliyemo. Tunajua zina bei, na tunaomba wilaya itusaidie wavuvi kuzinunua kwa mkopo nafuu. Tukipata mwanasesere wa kufundishia, tuko tayari kuingia shuleni kuanzia darasa la tano. Watoto wanajifunza haraka, na ndio wanaochota maji na kuoga ziwani bila mtu mzima.

Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 115 ya m-mama, yaani usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, tumeshazibandika kwenye mabanda yote ya mwalo.

Baada ya risala hii, wanafunzi watakuonyesha jinsi ya kumrushia anayezama dumu tupu lililofungwa kamba, bila wao kuingia majini. Kisha tunakuomba, Mheshimiwa, upige magoti nawe kwenye gunia ujaribu, ndipo uwakabidhi wahitimu vyeti vyao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi