Heliamu na ukuta wa kinu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala yenu juu ya vinu vya kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati. Mliandika kwamba kinachobaki humo ni heliamu, gesi isiyo na madhara. Kwa hewa yetu ni kweli. Kwa ukuta wa kinu, hapana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa, na rejeta za aluminiamu ndizo zinazonilisha. Sindano ya mashine yangu, ile ncha inayotoa moto, ni ya chuma kiitwacho tungsteni. Aluminiamu inageuka uji mbele yake, yenyewe imesimama, maana haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,400. Ndiyo maana kinu cha majaribio cha ITER, kinachojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, kinategemea tungsteni hiyohiyo sehemu ya chini, pale majivu ya heliamu yanapotolewa.

Agoni, gesi ninayopuliza kazini kukinga chuma na hewa, ni ndugu yake heliamu, na haijawahi kuniharibia chuma. Lakini ndani ya kinu heliamu haipulizwi, inarushwa. Chembe zake zinapenya kwenye tungsteni, na kwa kuwa hazichangamani na chuma chochote, zinatafuta upenyo, zinakusanyika, zinavimba kuwa viputo. Chuma kikiwa na joto la nyuzi 800 hivi au zaidi, uso wake unaota nyuzinyuzi nyeusi kama sufi, kila uzi mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Watafiti wa Nagoya, Japani, waliieleza sufi hiyo mwaka 2006. Wenzao wa San Diego, Marekani, wakapima mwaka 2008 inavyokua: unene ukiongezeka maradufu, muda umekwenda mara nne. Basi inapunguza mwendo, ila haikomi.

Sufi haipitishi joto vizuri, na cheche za umeme huwaka juu yake kwa urahisi. Vipande vya tungsteni vinavyong'oka vikiingia kwenye moto wa katikati ya kinu, viini vinapoungana, vinaupoza.

Sindano yangu ikichafuka, moto unatangatanga. Naizima mashine, nainoa kwenye grenda, narudi kazini. Ndani ya kinu kile, kikishaanza kazi yake kamili, hakuna binadamu atakayeingia na grenda, kwa sababu ya mionzi. Kuta zitakarabatiwa na roboti. Ndugu Mhariri, tuandikieni habari za hao wanaohangaika na ukuta.

Fundi wa kuchomelea,
Gerezani, Dar es Salaam