Risala ya kikundi chetu cha mwani kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua ghala

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, bwana sheha, maofisa mliofuatana na mgeni wetu, masheikh, walimu wa skuli, wazee wetu na mama zetu, na nyie vijana mliokaa juu ya ukuta tunaomba mshuke kidogo maana saruji yake ya juzi tu. Karibuni sana Micheweni, Pemba.

Risala huwa inaanza na shukrani mpaka mgeni anasinzia, sisi tutasema moja tu, ahsante kwa kuja, wengine tuliwaalika wakatuma salamu.

Sisi ni wakulima wa mwani, akina mama 38 na wanaume 5, na katika hao wanaume wanne walikuja siku moja kusaidia wake zao kubeba magunia wakabaki humo humo. Kilimo hiki kilianza Unguja huko mashariki mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kikaingia Pemba, na leo ukiuliza nyumba nyingi hapa madaftari ya watoto yananunuliwa na nini utaambiwa mwani. Wengine hata hawajui unakwenda kufanya nini huko unakokwenda, tulipoambiwa upo kwenye dawa ya meno na aiskrimu mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini, kasema kumbe mie napiga mswaki na jasho langu mwenyewe.

Mheshimiwa, ghala umeliona, limejengwa vizuri, hatutaki kulizungumza sana. Tunataka kuzungumza mzani.

Pale mlangoni kuna mzani wa kuning'iniza na pembeni yake kuna daftari la jalada jekundu. Kila mwanachama akileta mwani mkavu unapimwa, na kila kilo anakatwa shilingi 20, inaandikwa jina, kilo, shilingi, na yeye anatia saini au dole gumba. Hela hiyo ndiyo imenunua kamba mpya na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, ndiyo imetengeneza zile chanja za kuanikia mlizozipita, zamani tulikuwa tunaanika chini kwenye mchanga mnunuzi anatukata kwa uchafu. Tunauita mchango wa mzani. Tulianza kuuita tozo lakini wanachama wakakunja nyuso, hilo neno toka zile tozo za miamala ya simu za 2021 limeharibika kabisa, ukilitaja tu mtu anashika mkoba wake.

Sasa hatufichi, mchango huu ulishawahi kuleta ugomvi. Kuna msimu daftari lilikutwa na kurasa mbili zimechanwa, hela ya msimu mzima haijulikani iko wapi, na aliyekuwa anashika hazina wakati ule kasema mbuzi kala. Mbuzi jamani. Tulikaa miezi bila ya mtu kukubali kukatwa hata shilingi, na kamba zilipokatika kila mtu akaenda kukopa kivyake. Tunayasema haya mbele yako kwa sababu ombi letu linahusu hela, na mtu anayeomba hela bora aseme mwenyewe alipoteleza kabla hajasemewa.

Ombi lenyewe lilianza hivi. Mtoto wa mwanachama mwenzetu anasoma mambo ya kilimo, alipokuja likizo akatusikia tunagombana juu ya daftari akasema nyie mbona mnachofanya kipo duniani, kipo Australia, kwa wakulima wa zabibu za divai. Mheshimiwa usishtuke, na masheikh msiondoke, hapa hakuna aliyeonja hiyo divai wala hatuna mpango huo. Tulichotamani ni hesabu yao, na hesabu haileweshi.

Akatueleza kwamba kule kwenye jimbo la Australia Kusini, lile lenye mji wa Adelaide, kuna sehemu kama McLaren Vale, Riverland, Langhorne Creek, Adelaide Hills na Clare Valley, yaani mfano wa wilaya wilaya hivi, na kila sehemu ina mfuko wake wa zabibu chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 1998. Mkulima akipeleka zabibu kiwandani zinapimwa kwa tani, mwenye kiwanda anapomlipa anakata mchango wa mkulima, halafu na yeye anatia wa kwake, zote zinakwenda mfuko mmoja. Mfuko ndio unaotangaza zabibu za sehemu ile, unafundisha wakulima, unapeleka watu wao kwenye mikutano kusema shida zao. Na upo mpango wa miaka mitano ambao lazima usomwe kwenye mkutano wa wachangiaji wenyewe, si unafungiwa kabatini.

Juu ya hiyo ya sehemu zao kuna na ya nchi nzima, ya utafiti. Mkulima dola 2 za kwao kwa kila tani ya zabibu, mtengeneza divai dola 5 kwa tani ile ile. Hapo mama mmoja akasema rudia, akarudia, mbili na tano. Mnunuzi anatoa zaidi ya mkulima! Na mtengenezaji mdogo ambaye hafikishi hata tani 5 hiyo ya kwake hakatwi. Halafu hela ya utafiti ikishakusanywa serikali yao inaongeza kiasi kile kile kilichotolewa, dola kwa dola, ingawa wameiwekea kikomo kutokana na thamani ya mavuno, isije ikawa serikali inachota bila ya kuangalia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ndipo tulipokaa usiku mzima.

Kwa sababu hapa kwetu mzani ni mmoja lakini anayekatwa ni mmoja pia. Mkulima. Mnunuzi anakuja na gari lake, anapima, anasema bei ya huko nje imeshuka, anaondoka. Tulimfuata mmoja wao tukamwambia na wewe tia japo shilingi 20 kwa kilo kama sisi, ziende kwenye mbegu, akatujibu mbegu ni shida ya mkulima. Sawa, ni shida ya mkulima, lakini mwani ukifa hilo gari lake litabeba nini? Mchanga?

Na mwani unakufa kweli, si maneno ya kuombea hela. Tuna aina mbili, spinosumu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri lakini haistahamili joto, na maji ya pwani siku hizi saa za mchana ni kama ya kuogea mzazi. Unashuka bamvua hili, maji yakipwa sana, unakuta ncha zimegeuka nyeupe kama mshumaa, ukishika inakatika mkononi, bamvua linalofuata unakuta kamba tupu na taitai zinacheza na mawimbi. Siku arubaini na tano za kungoja zimekwenda, na mgongo nao umekwenda. Kwa hiyo wengi tumebaki na spinosumu yenye bei ya kusikitikiwa.

Dawa yake si siri. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani, akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja kahangaika miaka na miaka kuonesha njia ya kulima kotonii kwenye maji marefu yaliyopoa kidogo, kwa nyavu za mfano wa bomba badala ya vijiti na kamba. Lakini maji marefu yanataka chombo, yanataka nyavu, yanataka na mama ajue kuogelea, na hapa katika wale 38 wanaojua kuogelea ni 6, tumehesabu. Nani atalipia? Shilingi 20 zetu haziwezi, hata zikikaa miaka kumi bila ya mbuzi.

Yule kijana alituambia jambo jingine ambalo mie katibu limenikaa kichwani. Karne ya 19 kuna kidudu kinaitwa filoksera, kidogo kama chawa, kinakula mizizi ya mzabibu, kilimaliza mashamba ya Ufaransa. Wale wa Australia Kusini hawakungoja kifike kwao, mwaka 1899 wakaunda bodi ya kukizuia inayoendeshwa kwa michango ya wenye mashamba, na mpaka leo jimbo lile halijaingiwa na kidudu hicho. Walichanga kabla ya msiba. Sisi tunachanga ya sanda.

Kwa hiyo tunachokuomba si hela ya mfukoni kwako Mheshimiwa, ijapokuwa ukiwa nayo hatutaitupa. Tunaomba utusemee huko unakokaa na wakubwa, iwekwe kanuni ya kwamba kila mnunuzi wa mwani Pemba na Unguja akipima kilo na yeye achangie kwa mzani ule ule, tena tungependa yake ipite ya kwetu kama dola 5 zinavyozipita 2, na serikali iongeze kiasi kilichopatikana ikitaka iweke na kikomo chake. Hela hiyo iwe ya mbegu, ya utafiti wa maji marefu na ya kufundisha akina mama kuogelea. Isiwe ya semina za hotelini wala fulana zenye picha. Mwanachama mdogo mwenye gunia moja asikatwe. Na asiyetaka kuchangia arudishiwe, maana kule ile mifuko ya sehemu zao mtu akiandika barua anarudishiwa hela yake, ila asije kudai faida za mfuko. Hili la kurudisha tulibishana sana, wengine waliona tutabaki na mfuko mtupu, mie naona ndilo litakalomfanya mshika hazina alale na daftari chini ya mto.

Sisi upande wetu tumeshaanza. Daftari lina nakala mbili, moja kwa katibu moja skulini kwa mwalimu mkuu, na kila baada ya miezi mitatu hesabu inasomwa kwa sauti hapa nje chini ya mwembe, hata asiye mwanachama anaruhusiwa kuja kusikiliza na kuuliza. Juzi aliyeuliza maswali mengi ni muuza samaki ambaye hana hata kamba moja baharini.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe tunaomba upime gunia la kwanza kwa mkono wako, la Bi mkubwa yule aliyekaa karibu na mlango, kaja nalo toka alfajiri hataki litanguliwe. Na akikatwa shilingi 20 zake kwa kilo usimuonee huruma, muulize tu mnunuzi, yule pale mwenye kofia, yeye anatia ngapi.

Samahani la mwisho. Leo bamvua, maji yanakupwa saa tano kasoro. Ukiona mama wanainuka mmoja mmoja wakati unahutubia usidhani wamechoka na maneno yako, wanawahi vijiti.

Wabillahi tawfiq.