Pikapu Imekuja na Waya wa Umeme Mbele: Hita ya Injini na Namna ya Kuishughulikia Hapa Visiwani

Ukifungua boneti ya pikapu iliyotoka nchi ya baridi kali, hasa zile kubwa za Marekani na Kanada, unaweza kukuta waya mweusi wenye plagi ya ukutani umefungwa karibu na grili. Si waya wa kuchajia betri. Ni waya wa hita ya bloku, yaani ya kupasha moto mwili wa injini, na jambo la kwanza tunalomwambia mteja ni hili: usiuchomeke kwenye soketi ya nyumbani.

Huko kwao baridi hushuka hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Oili inakuwa nzito, dizeli inatoa nta inayoziba filta, betri inapoteza nguvu nyingi, na stata inashindwa kuzungusha injini. Ndiyo maana bloku huwekewa koili ndani ya njia za maji, inayofanya kazi kama ile hita ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Mwenye gari huichomeka saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka. Nyingi ni za wati 400 hadi 1000. Ya pikapu za Ram zenye injini ya Cummins ni wati 750.

Hita za Marekani na Kanada zimetengenezwa kwa volti 120. Umeme wetu wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ni volti 230. Volti zikikaribia mara mbili, nguvu ya koili haiongezeki mara mbili tu, inakaribia mara nne: hita ya wati 750 inajaribu kutoa zaidi ya wati 2700. Maji yanayoizunguka yanachemka papo hapo, koili inaungua, na waya mwembamba uliokaa juani miaka mingi unaweza kushika moto. Koili iliyopasuka inaweza pia kupitisha umeme kwenye bodi ya gari, na anayeigusa akiwa amesimama kwenye udongo wenye unyevu yumo hatarini.

Zipo hita za volti 230, za nchi kama Norway na Sweden, lakini hazina faida hapa. Asubuhi ya kipupwe Unguja na Pemba ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Saa nne za hita ya wati 750 ni yuniti tatu zilizopotea bure.

Je, itolewe? Kama ni kavu na gari haijafikia muda wa kubadilishwa maji, iache. Vua waya upande wa hita ikiwa una kiungio, au ufunge mbali na feni na ekzosi, na plagi uizibe kwa tepu. Lakini piga tochi chini ya hita. Ukiona mchirizi mkavu wa kijani au wa waridi, au gamba jeupe, pete ya mpira imekauka na maji yanavuja polepole. Hapo usingoje. Injini ya dizeli yenye mzigo wa mwani kutoka Paje, au magunia ya karafuu kupanda vilima vya Pemba, ikipungukiwa na maji huchemsha, na gharama ya gasketi ya silinda hedi haifanani hata kidogo na ya kizibo cha kuziba tundu la hita.

Hita nyingi hukaa kwenye moja ya matundu ya duara ya ubavuni mwa bloku, yale ambayo kiwandani huzibwa kwa kizibo cha bati. Kwa hiyo kuitoa maana yake ni kurudisha kizibo. Injini iwe imepoa kabisa. Vua waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, kisha fungua na koki ya bloku yenyewe, maana rejeta peke yake huacha lita kadhaa ndani. Legeza skrubu ya katikati ya hita bila kuifungua yote: inashika kichuma kinachokaa kwa ndani, na ukiifungua mpaka mwisho kichuma hicho kitaangukia ndani ya bloku. Kikishalegea, zungusha hita huku ukiivuta.

Safisha ukingo wa tundu kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, kisha pima upana wa tundu kwa kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Usikisie, wala usichukue kizibo kwa kufananisha kwa macho. Tofauti ya nusu milimita inatosha kukifanya kivuje, au kipinde kikigongwa. Sisi tunapendelea cha shaba kuliko cha chuma, kwa sababu hakishiki kutu. Paka gamu ya gasketi kidogo pembeni, kiweke wima, ukigonge kwa soketi inayoingia ndani yake kwa nafasi ndogo, mpaka ukingo wake uzame kama milimita moja au mbili. Kikiingia upande, kitoe uweke kipya. Vizibo vya mpira vya kukazwa kwa nati tunavitumia kwa dharura tu.

Sasa maji, na hapa ndipo gari nyingi za visiwani huharibika. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na ya vijiji vya pwani mara nyingi yana chumvi. Ndani ya injini hujenga gamba kwenye njia za rejeta na kula vizibo kutoka ndani, kwa hiyo kizibo kipya juu ya maji ya kisima hakitadumu. Tumia maji yaliyoondolewa madini, nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea injini) inayotakiwa na mtengenezaji wa gari. Pikapu nyingi za dizeli za silinda nne huchukua lita 8 hadi 11. Kitabu cha gari kitakupa kiasi kamili.

Usibakishe kulanti iliyokuja na gari kwa sababu tu ina rangi nzuri. Huko kwenye baridi huenda ilichanganywa nzito, na kulanti ikizidi hubeba joto vibaya kuliko maji. Ya zamani imwage kwenye chombo chenye mfuniko. Ni sumu yenye ladha tamu. Paka na mbuzi huilamba, na ikimwagwa chini inaweza kufika kisimani.

Ukishajaza, weka hita ya kibini, ile ya kupasha joto ndani ya gari, kwenye joto, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, uongeze maji kadiri mapovu yanavyotoka. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto, thermostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, imefunguka. Funga, na asubuhi inayofuata, injini ikiwa imepoa, kagua kiwango tena.

Kama ulidhani hita ya bloku itakusaidia kwa sababu pikapu inawaka kwa shida asubuhi, tatizo liko kwingine. Kwenye Hilux za zamani zenye injini za dizeli za aina ya 2L, 3L na 5L (ni majina ya injini, si lita), anza na hita plagi, zile plagi za kupasha moto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Injini hizo huzihitaji hata kwenye joto letu. Vua kipande cha chuma kinachoziunganisha, upime kila moja kwa mita: nzima husoma karibu na om moja au chini yake, mbovu haisomi kitu. Moja ikifa utaona moshi mweupe na mtikisiko kwa dakika chache. Hita plagi zikiwa nzima, bonyeza pampu ya mkono ya filta ya dizeli kabla ya kuwasha. Ikiwa laini na gari ikawaka mara moja baada ya kuibonyeza, hewa inaingia kwenye mipira ya dizeli usiku. Betri nayo iliyojaa husoma volti 12.6, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6.

Ukituletea gari yenye waya huo, njoo injini ikiwa imepoa, na uwe na namba ya injini. Ukubwa wa kizibo tunautafuta kwa namba hiyo kabla ya kumwaga maji.