Tuwaeleze vijana sababu, marufuku ya fataki pekee haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na wazazi, walimu wenzangu na wauzaji wa fataki kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa wiki hizi ndizo ambazo vijana wetu huanza kukusanya njiti za viberiti, misumari na vipande vya spoku za baiskeli kwa ajili ya mkesha wa mwaka mpya. Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka 27. Sasa nimestaafu, lakini jambo hili bado linaniuma.

Kila mwaka Jeshi la Polisi hutangaza kwamba ni marufuku kulipua fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani. Tangazo hilo naliunga mkono. Baruti ina sheria yake nchini tangu mwaka 1963, na aliyepewa dhamana ya usalama wa watu hawezi kunyamaza. Hata hivyo, neno marufuku peke yake halimweleweshi mtoto wa miaka 14 ni kitu gani hasa kinachomsubiri ndani ya kile kibomba alichokishika, na kwa uzoefu wangu kijana asiyeelezwa sababu hukimbilia nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kumwokoa.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mmoja wa wale wanaouliza maswali hadi kengele inapolia, alirudi shuleni Januari akiwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya sweta. Alikuwa amejaza dawa ya njiti katika kibomba cha chuma, akawa anaubana mdomo wake kwa koleo. Hakuwa amewasha kitu chochote. Hata utambi alikuwa hajauweka. Alipoteza kidole gumba na kidole cha shahada, na muhula mzima nilimtazama akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka nje ya mistari ya daftari. Siku moja alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniuliza: "Mwalimu, mbona sikuwasha?"

Swali hilo ndilo ambalo tangazo la marufuku halilijibu. Dawa ya njiti imetengenezwa ili iwake kwa msuguano, na kubana, kugonga na kukwangua vyote ni msuguano. Pili, moto wa kuni hutegemea hewa ya nje, ndiyo maana ukiufunika unazimika. Lakini dawa ya njiti na baruti hubeba oksijeni ndani ya kemikali zake zenyewe, kwa hiyo kuifungia hakuizimi bali huizidishia nguvu, kwa sababu gesi ya moto inayozalishwa ghafla hukosa pa kutokea mpaka chombo kipasuke. Chombo kikiwa cha chuma au cha kioo, vipande vyake huruka kama risasi. Hakuna namna salama ya kuvitengeneza vitu hivi nyumbani, na mzazi anayemwona mwanawe amekusanya njiti zilizokwanguliwa asizitwange wala kuzitupa jikoni, bali azimwagie maji mengi zilipo, bila kuzisugua.

Wanafunzi wamewahi kunijibu kwamba Marekani watu hujitengenezea fataki kwa kujifurahisha, na ni kweli. Wako wapenzi wa kazi hiyo, na chama chao, Pyrotechnics Guild International, kipo tangu mwaka 1969. Lakini mgeni katika kazi hiyo hujifunza chini ya wazoefu, kazi hufanyika mbali na nyumba za watu, kwa kiasi kidogo, kwa nguo za pamba kwa sababu nailoni huzalisha cheche za umeme tuli, na uhifadhi na usafirishaji wa baruti huko una masharti ya serikali. Hata kwa tahadhari zote hizo wapo wanaoumia. Kijana aliye peke yake uani kwao hana hata moja kati ya hayo.

Sasa nigeukie fataki za dukani, ambazo watu wazima wengi huzichukulia kama mishumaa. Nimezishika boksi zake sokoni na nyingi nilizoziona zina maelezo ya Kichina au ya Kiingereza, kwa herufi ndogo mno, ilhali anayewasha ni mtu aliyehitaji kusomewa hayo kwa Kiswahili. Ulaya fataki hupangwa kwa madaraja kuanzia F1 hadi F4: za F2 hutaka mtazamaji akae angalau mita 8, nchini Uingereza za F3 hutaka mita 25, na za F4 haziuzwi kabisa kwa mtu asiye mtaalamu. Mita 25 katika uchochoro wa mitaa yetu zinavuka nyumba tatu au nne, kwa hiyo nyingi ya fataki hizo mahali pake ni uwanja wa mpira.

Mwashaji awe mtu mzima mmoja ambaye hajaonja pombe, awashe moja moja kwa kijiti kirefu huku mkono umenyooshwa, na kamwe asiinamishe uso juu ya utambi. Roketi isishikwe mkononi. Kijiti chake kiwekwe katika bomba lililosimamishwa imara kwenye mchanga, ili kiteleze na kutoka bila kukwama, mbali na nyaya za umeme na mapaa ya makuti. Iliyokataa kulipuka isisogelewe kwa muda wa nusu saa, kisha ilowekwe kwenye ndoo ya maji. Ajabu ni kwamba tunavikabidhi vijiti vya cheche kwa watoto wa miaka minne kwenye keki za siku ya kuzaliwa, wakati cheche zake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi na waya wake hubaki na moto hata baada ya mwanga kuzimika.

Yakitokea ya kutokea, aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai, ambavyo majirani hukimbilia kuvileta, viachwe jikoni. Jicho lililoumia lisisuguliwe, lisioshwe wala kutiwa dawa. Lifunikwe kwa kikombe safi cha karatasi bila kuligandamiza, na mgonjwa akimbizwe hospitali usiku huo huo.

Ninachoomba ni kidogo. Waagizaji wa fataki walazimishwe kubandika maelezo ya Kiswahili kwenye kila boksi, pamoja na umbali kwa mita. Halmashauri zitenge uwanja mmoja kila kata kwa usiku huo, kwa kibali, gari la zimamoto likiwa karibu na milango ya kutokea ikiwa mingi na wazi; tusisahau kwamba mkesha wa kuamkia mwaka 2023 jijini Kampala watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa kwa kukanyagana kwenye jengo la maduka walikokwenda kutazama fataki. Na walimu wa kemia watumie kipindi kimoja kabla shule hazijafungwa.

Kwa upande wangu, niko tayari kwenda katika shule yoyote ya hapa Tanga kwa nauli yangu. Yule kijana, ambaye leo ni fundi wa redio na simu na hushika bisibisi kwa mkono wa kushoto, amekubali kufuatana nami na kuwaonyesha wanafunzi mkono wake wa kulia.

Mwalimu mstaafu,
Tanga