Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba lori moja la mchanga

Mheshimiwa,

Salaam aleikum. Jina lako silitaji. Tumelelewa kwa adabu, na isitoshe ukifika mstari wa tatu utajijua mwenyewe. Ni wewe uliyeshika kipaza sauti pale uwanjani kwetu, kwenye hafla ya kuipongeza timu ya taifa ya riadha iliyorudi na nishani 11 kutoka mashindano ya dunia ya 2025 kule Tokyo, ukauliza kwa masikitiko: "Vipaji vya Pwani viko wapi?" Ukapigiwa makofi, ngoma ikalia, pilau ikapakuliwa.

Mimi ni kocha wa kujitolea. Nimestaafu kazi ya bandarini, naishi Likoni, na kila alasiri navuka feri kuja kisiwani Mombasa kuwafunza watoto 14 mbio fupi na kuruka umbali, ule mruko wa kutua kwenye shimo la mchanga. Nimekuja kukujibu swali lako. Kipaji kimoja kiko kwao Majengo, mguu juu ya mto wa kulalia, nyuzi saba kwenye unyayo.

Hema kubwa la siku ile, lile lenu waheshimiwa, lilisimikwa juu ya njia yetu ya kukimbilia kabla ya kuruka. Nilimwambia kijana aliyekuwa akipigilia vigingi kwamba pale watoto hukimbia. Akaniambia, "Mzee, mimi natumwa tu." Kweli, hana kosa. Jumapili wakaja kung'oa. Kigingi kimoja kikasahaulika: chuma cha urefu wa shubiri, kimezama chote, kichwa tu kimechomoza, tena kimeshika vumbi rangi ile ile ya ardhi. Jumatatu saa kumi na nusu msichana wa miaka 16 akaanza mbio zake. Huwa ana hatua 15, nazihesabu kwa mdomo. Ya kumi na moja akakikanyaga. Njumu zenyewe za kuazima, soli imelika. Mama anayeuza viazi karai langoni alivua leso yake tukamfunga nayo, tukapanda tuktuk. Nauli, sindano, dawa, vyote nikatoa mfukoni mwangu kwenye pensheni unayoijua ilivyo. Kigingi ninacho. Nimekiosha. Mwenye mahema akikihitaji aje akichukue.

Usije ukadhani nina kinyongo na waliokwenda Tokyo. Septemba ile nilikesha. Marathoni ya wanawake ilianza saa saba u nusu usiku kwa saa zetu, simu nimeiegemeza kwenye birika la chai. Baada ya kilomita 42 Peres Jepchirchir akaingia uwanjani bega kwa bega na Tigst Assefa wa Ethiopia, akamwacha kwa sekunde mbili tu, 2:24:43, nami nikapiga ukelele jirani akagonga ukuta. Kisha Beatrice Chebet akachukua mita 10,000 na 5,000. Faith Kipyegon akatwaa taji lake la nne la mita 1,500. Faith Cherotich akashinda kuruka viunzi na maji, Emmanuel Wanyonyi mita 800. Na Lilian Odira! Mita 800 za wanawake kwa 1:54.62, akaifuta rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983. Dhahabu saba, nafasi ya pili duniani nyuma ya Marekani. Nani asiyefurahi?

Lakini uliyasoma yale matokeo, Mheshimiwa, au ulisomewa? Dhahabu zote saba, na nishani zote 11, ni za mita 800 kwenda juu. Kwenye mbio fupi, kwenye kurusha, kwenye kuruka, hata shaba hatukuleta. Mara ya mwisho kupata dhahabu ya dunia kwenye michezo hiyo ilikuwa Beijing 2015, marehemu Nicholas Bett kwenye mita 400 kuruka viunzi na Julius Yego kwenye mkuki, mita 92.72. Miaka kumi hiyo.

Najua utamtaja Yego, maana nyinyi viongozi mnampenda sana yule kijana. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na nyinyi mmeigeuza dhiki yake kuwa sera. Kila tukiomba vifaa tunaambiwa, "Mbona Yego?" Basi nikuambie jambo moja la ufundi: kurusha unaweza kujifunza kwenye simu. Kutua huwezi. Kutua kunataka mchanga.

Kuna na wale wanaosema Pwani ni joto, Pwani ni uvivu, watu wa huku ni wa mahamri na kahawa tungu. Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zililetwa hapa hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Nilikuwepo, nimejipenyeza hadi kwenye kamba. Kenenisa Bekele, aliyeshinda mbio zote mbili, fupi na ndefu, kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2006, joto letu lilimtoa mbioni, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa hiyo ya joto nayajua, na ya miinuko ya Iten, kule Bonde la Ufa wanakofanyia mazoezi, sina ubishi nayo kwa mbio ndefu. Lakini Jamaika ni nini? Si kisiwa cha joto, minazi na maembe kama hiki chetu? Oblique Seville ametoka huko akashinda mita 100 pale Tokyo kwa sekunde 9.77, na Tajay Gayle akachukua fedha ya kuruka umbali. Hizo 9.77, usisahau, ndizo alizokimbia Ferdinand Omanyala wetu pale Kasarani mwaka 2021. Miguu ipo. Kasarani nayo iko Nairobi, na treni ni shilingi 1,500 kwa kila mtoto, kwenda tu.

Uwanja wetu ulikuwa na shimo la mchanga. Dogo, lakini lilikuwepo. Mwaka juzi ukaja na wapiga picha, ukaahidi kulipanua na kutuwekea njia ya tatani, ile nyekundu ya mpira ya kukimbilia, "ndani ya miezi sita". Tukashukuru. Baada ya miezi mitatu mchanga wenyewe ukatoweka usiku. Ushahidi sina, ila wiki ile ile jukwaa la wageni lilikuwa likimwagwa zege. Pengine ni sadfa. Kama sivyo, basi uliposimama kuuliza vipaji viko wapi ulikuwa umevikanyaga.

Kuna aliyeniambia ofisini mwako, kwa kicheko, "Mzee, bahari ile pale, mchanga unakosaje?" Mchanga wa ufuoni hauchotwi ovyo, hilo nyinyi ndio mnatukataza. Kuruka huko huko tumejaribu. Ufuo umeinama, mtoto akikimbia kuelekea majini anaongeza nusu mita ya bure, akirudi anaikosa. Tena bahari haina ratiba ya shule. Ufuo mpana mgumu tunaupata wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, watoto wako darasani. Wakitoka, maji yamejaa hadi kwenye minazi. Maji mafu yakija, siku za kujaa na kupwa kidogo, hapapwi pa kutosha. Nimefunza watoto kwa kalenda ya wavuvi miaka miwili sasa, Mheshimiwa, na bado unauliza wako wapi.

Barua nimeleta tatu. Zote zina muhuri wa "imepokelewa", nakala ninazo. Ya kwanza niliomba njia ya tatani, shimo, vyoo, maji ya kunywa na njumu. Ya pili nikaacha tatani. Ya tatu nikaacha vyoo na njumu. Hii ya nne, ninayoiandika hadharani, naomba lori moja la mchanga wa mto uliochekechwa, na ruhusa yako kwa maandishi kwamba hema halitasimikwa tena juu ya njia ile. Lori moja. Pilau ya siku ile ilikuwa na gharama zaidi, na sikuionja.

Msichana anatolewa nyuzi Alhamisi. Daktari kasema akae wiki sita, yeye anasema nne. Mama yake ananiuliza atarudi kuruka wapi, nami nimemwambia nimekuandikia.

Shimo tumelichimba upya wenyewe kwa majembe mawili. Reki ninayo, nimeitia mpini mpya. Lori likija alfajiri, langoni utanikuta, navuka na feri ya kwanza.

Wako, kwa heshima iliyobaki,
Kocha wa kujitolea, Likoni